Uvimbe Tumboni mwa Mtoto: Picha za Hospitali Hutuambia Nini Kabla ya Upasuaji?

Labda uko jikoni unangoja maji ya ugali yachemke, labda umerudi sasa hivi kutoka kituo cha kuuzia majani chai, au wewe ni kogo unayebaki na wajukuu mchana kutwa. Mazungumzo ya leo ni yako, kwa sababu wewe ndiwe unayemwosha mtoto na kumfunga mgongoni. Ugonjwa tutakaouzungumzia leo mara nyingi hugunduliwa na mkono wa anayemwosha mtoto, kabla ya mashine yoyote.

Leo tunazungumza juu ya saratani ya figo kwa watoto. Hasa tutajibu swali ambalo wazazi hutuuliza sisi wauguzi: "Sista, mtoto amepigwa picha tu, na daktari tayari anasema ni saratani. Hakuna kinyama kilichokatwa kikapimwa. Je, picha inaweza kujua? Na kama imekosea?" Hilo ni swali la haki, na mzazi anastahili kulijibiwa vizuri kabla hajatia sahihi karatasi ya upasuaji.

Je, mtoto mdogo anaweza kupata saratani ya figo?

Ndiyo, anaweza. Saratani ya figo inayowapata watoto zaidi inaitwa uvimbe wa Wilms. Jina hilo ni la daktari wa upasuaji wa Ujerumani, Max Wilms, aliyeandika juu yake mwaka 1899. Si ugonjwa wa kila siku. Humpata mtoto mmoja hivi kati ya kila 10,000. Lakini kati ya watoto wenye saratani ya figo, karibu 9 kati ya 10 wana huu wa Wilms. Wengi wao wana umri chini ya miaka 5.

Mama asijilaumu. Ugonjwa huu hautokani na chakula ulichokula ukiwa mjamzito, wala hautokani na jicho baya au laana ya ukoo. Chembe za figo zilizokuwa zikijengeka mtoto akiwa tumboni zilikosa kukomaa, na baadaye zikaanza kukua bila mpango.

Dalili yake kubwa ni tumbo kuvimba upande mmoja. Mara nyingi mtoto anacheza vizuri, anakula, wala halii. Unachoona ni kwamba suruali ya juzi haifungi leo, au ukimwosha unahisi kitu kigumu ubavuni. Watoto wengine hukojoa damu, huwa na homa isiyoisha, huumwa tumbo, au hupungua mwili huku tumbo likiongezeka. Wengi pia hupanda shinikizo la damu, jambo ambalo huwezi kuliona kwa macho. Watoto wachache huzaliwa na alama fulani: mboni ya jicho haina ule mviringo wa rangi, au mkono na mguu wa upande mmoja ni mkubwa kuliko wa upande wa pili. Mtoto wa namna hiyo anafaa kufuatiliwa kliniki hata kama hajavimba.

Jambo moja usilifanye kamwe

Ukihisi kitu kigumu tumboni mwa mtoto, usikandekande. Katika maeneo yetu, kutoka Londiani hadi Silibwet, kuna mazoea ya kumpeleka mtoto akakandwe tumbo kwa mafuta ili "kitu kishuke" au "bandama irudi mahali pake." Uvimbe wa Wilms umefunikwa na ngozi nyembamba. Ukikandwa kwa nguvu unaweza kupasuka, na chembe za saratani zikamwagika ndani ya tumbo. Uvimbe ambao ungetolewa ukiwa mzima sasa unakuwa ugonjwa uliosambaa, unaohitaji dawa kali zaidi na mara nyingi miale pia. Kwa hiyo gusa mara moja, kwa upole, kisha mpeleke hospitali. Hata hospitalini si vizuri kila anayepita wodini aukande uvimbe huo. Una haki ya kusema kwa heshima, "Daktari, wengine wameshaupima leo."

Picha ya kwanza: altrasaundi

Ukifika hospitali, picha ya kwanza huwa ni altrasaundi. Ni mashine ileile inayowapima akina mama wajawazito. Hutumia mawimbi ya sauti, haina miale, na haimuumizi mtoto.

Altrasaundi hujibu maswali matatu makubwa. La kwanza: uvimbe huu umetoka kwenye figo au mahali pengine? La pili: je, ni maji au ni nyama? Figo inaweza kuvimba kwa sababu mkojo umeziba, na hiyo si saratani. La tatu: figo ya pili iko sawa? Mtaalamu huangalia pia kama uvimbe umeingia ndani ya mshipa mkubwa wa damu unaoelekea kwenye moyo. Jambo hilo daktari wa upasuaji lazima alijue mapema.

Altrasaundi ina udhaifu wake. Hutegemea sana mkono na jicho la anayepima. Mtoto akilia na kujinyonganyonga, au tumbo likijaa hewa, picha haiwi safi. Ndiyo maana hospitali kubwa huweza kurudia picha iliyofanywa mahali pengine. Wasipokuamini haraka usikasirike, kwani wanamlinda mtoto.

Picha ya pili: skani ya CT

Baada ya altrasaundi, daktari huagiza skani ya CT ya tumbo na kifua. Mashine hii ilitumika kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza mjini London mwaka 1971. Kabla ya hapo, madaktari walitegemea mikono yao na eksirei za kawaida, na mengi waliyagundua baada ya kupasua. Siku hizi mashine hupiga picha nyingi nyembamba, kama mtu anayekata mkate vipande na kuangalia kila kipande.

Mtoto huwekewa dawa ya kung'arisha picha kupitia mshipa. Kwa hiyo kwanza hupimwa damu kuona kama figo zinafanya kazi. Mtoto mdogo huenda akapewa dawa ya usingizi ili atulie, na ndiyo sababu utaambiwa asile kwa saa kadhaa. Fuata maagizo hayo sawasawa. Ukimpa uji kwa huruma, anaweza kutapika akiwa usingizini na chakula kikaingia kwenye mapafu.

Wazazi wengine huogopa miale ya CT. Ni kweli miale ipo, na hatutaki mtoto apigwe CT bila sababu. Lakini mtoto mwenye uvimbe wa figo ana sababu kubwa. Hospitali nyingine hutumia MRI, ambayo haina miale, lakini huchukua muda mrefu na haipatikani kila mahali.

Je, daktari anatambuaje kwamba ni Wilms?

Chukua parachichi ulishike kwa mkono. Vidole vyako vinalizunguka nusu. Uvimbe unaoanza ndani ya figo huonekana hivyo: sehemu nzima ya figo iliyobaki imeukumbatia kama vidole. Mtaalamu akiona hivyo, anajua uvimbe umezaliwa na figo yenyewe. Kama figo ni nzima lakini imesukumwa kando, basi uvimbe umetoka kwingine.

Kuna saratani nyingine ya watoto inayoota juu ya figo, kwenye tezi iliyokaa kama kofia. Hiyo huizungushia mishipa mikubwa ya damu badala ya kuisukuma, na mara nyingi huwa na chembechembe za chokaa zinazong'aa kwenye CT. Mtoto mwenye hiyo mara nyingi huonekana mgonjwa zaidi. Kipimo cha mkojo husaidia kuzitenganisha.

Kwetu Afrika Mashariki tunao pia uvimbe wa Burkitt, uliopewa jina la Denis Burkitt, daktari aliyeueleza mwaka 1958 kutokana na watoto aliowatibu Uganda. Huonekana zaidi sehemu zenye malaria nyingi, kama kule chini kuelekea ziwani. Unaweza kuvimbisha taya, na unaweza kujaza tumbo na figo zote mbili kwa muda wa siku chache. Kuutofautisha ni jambo kubwa, kwa sababu Burkitt hutibiwa kwa dawa, wala mtoto hatolewi figo.

Kisha kuna vitu visivyo saratani kabisa: bandama iliyovimba kwa malaria ya mara kwa mara, usaha kwenye figo, kifua kikuu cha figo, au figo iliyozaliwa na vifuko vya maji. Daktari huyafikiria yote haya anapoitazama picha. Kwa hiyo umri wa mtoto, shinikizo la damu, homa, mkojo na maelezo yako wewe mama huisaidia picha kusema kweli. Usifiche kitu, hata kama ulienda kwa mganga kwanza.

Sasa, picha ni ya kuaminika kiasi gani?

Mpenzi msikilizaji, tuseme ukweli. Mtoto akiwa wa umri wa kawaida wa ugonjwa huu, na altrasaundi na CT zikaonyesha uvimbe mgumu uliozaliwa na figo, daktari huwa sahihi mara nyingi sana. Ulaya, kwa miaka mingi, watoto wameanzishiwa dawa kwa kutegemea picha bila kukatwa kinyama. Katika hesabu zao, kati ya kila watoto 100 walioanzishiwa dawa hivyo, ni mmoja au wawili hivi ambao baadaye walikutwa na uvimbe usio saratani. Wengine wachache walikutwa na saratani ya figo ya aina nyingine. Kwa hiyo picha ni shahidi mzuri, lakini si hakimu.

Kuna mambo ambayo picha haiwezi kuyamaliza.

Kwanza, haiwezi kuona chembe. Uvimbe wa Wilms una aina ya upole na aina kali. Tofauti hiyo huonekana kwa hadubini tu.

Pili, picha inaweza kuogopesha bure. Matezi yaliyovimba karibu na figo huenda yamevimba kwa uchungu wa kawaida, si kwa saratani. Kadoa kadogo kwenye pafu huenda ni saratani iliyosambaa, au ni kovu la kifua kikuu au nimonia ya zamani.

Tatu, picha inaweza kufariji bure. Uvimbe mkubwa unaweza kuficha mpasuko mdogo, au kadoa kadogo kwenye figo ya pili. Mtoto mmoja hivi kati ya 15 huwa na ugonjwa kwenye figo zote mbili, na huyo hupangiwa upasuaji wa namna nyingine ili asibaki bila figo.

Kwa sababu hizo, hatua kamili ya ugonjwa huandikwa baada ya upasuaji, mtaalamu wa patholojia akishapima figo na matezi yaliyotolewa. Ukisikia kabla ya upasuaji "tunadhani ni hatua ya pili," na baadaye "ni ya tatu," hakuna aliyekudanganya. Picha ilisema ilichokiona, na hadubini ikaongeza.

Kwa nini hawakati kinyama kwanza?

Hapa ndipo wazazi wengi hushtuka. Kwa matiti na shingo ya kizazi, tumezoea kusikia kwamba lazima kinyama kipimwe. Kwa uvimbe wa Wilms, sindano inaweza kuutoboa na kumwaga chembe tumboni, na sindano ikigusa sehemu moja tu inaweza kuikosa sehemu iliyo kali. Kwa hiyo picha zikiwa wazi, madaktari wengi hawachomi. Lakini kama mtoto ni mkubwa kuliko kawaida, au picha zina mashaka, basi sindano inahitajika. Uliza, "Daktari, picha hizi ni za kawaida kwa ugonjwa huu, au kuna kitu kinachokutia shaka?" Hilo ni swali zuri, na daktari mzuri atafurahi kulijibu.

Kuna pia njia mbili duniani. Marekani kwa kawaida huanza na upasuaji. Ulaya huanza na dawa za kupunguza uvimbe, kwa kawaida wiki 4, au wiki 6 kama umesambaa, ndipo wakapasua. Watoto wachanga walio chini ya miezi 6 mara nyingi hupasuliwa moja kwa moja. Hapa Kenya watoto wengi huja uvimbe ukiwa mkubwa sana, kwa hiyo dawa kwanza hufanya upasuaji kuwa salama zaidi. Katikati ya dawa picha hurudiwa. Uvimbe ukikataa kupungua, daktari hufikiri upya, kwani huenda jina la ugonjwa ni lingine.

Onyo moja kwa mzazi: dawa zikianza, tumbo linaweza kurudi chini kabisa, mtoto akacheza na kunywa mursik yake vizuri. Usiseme amepona ukamrudisha nyumbani. Uvimbe umelala tu. Upasuaji na dawa za baadaye ndivyo vinavyoumaliza.

Kumaliza matibabu ndiko kupona

Utafiti juu ya watoto wa Kenya wenye ugonjwa huu, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha jambo ambalo kila mzazi anafaa kulijua. Watoto wote wakihesabiwa pamoja, ni nusu hivi waliokuwa hai bila ugonjwa kurudi baada ya miaka 2. Lakini kati ya wale waliomaliza matibabu yote yaliyopangwa, ilikuwa zaidi ya 9 kati ya 10. Hiyo ni karibu sawa na nchi tajiri. Wengi walipotea njiani, wasirudi kliniki. Mtoto huishi vizuri na figo moja, akasoma, akaoa au akaolewa. Kinachomuua zaidi ni kuchelewa na kuachia njiani.

Nifanye nini mimi mzazi?

Ukihisi uvimbe, nenda kituo cha afya kilicho karibu siku hiyo au kesho yake, si baada ya soko. Mhudumu wa afya wa kijiji chako anaweza kukuandikia rufaa. Kutoka hapo utaelekezwa hospitali ya rufaa ya kaunti ya Kericho, ya Longisa kule Bomet, au Tenwek. Kwa matibabu ya saratani, watoto wengi hupelekwa Hospitali ya Moi ya Mafunzo na Rufaa, Eldoret, au Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Nairobi.

Usisubiri bonasi ya chai. Uvimbe huu huhesabu wiki, hauhesabu miezi. Tangu Oktoba 2024, bima ya SHA imechukua nafasi ya NHIF. Hakikisha familia imesajiliwa, michango imelipwa, na mtoto ameandikwa chini ya mzazi. Tafuta cheti chake cha kuzaliwa leo, wakati mtoto ni mzima, kwa sababu siku ya ugonjwa si siku ya kutafuta karatasi. Hospitalini muulize afisa wa ustawi wa jamii, kwani yupo kwa ajili ya kukusaidia.

Tunza picha. Filamu, diski na ripoti zote ziweke kwenye bahasha moja pamoja na kitabu cha kliniki, mbali na moshi na maji. Zibebe kila safari. Picha ya zamani ndiyo itakayomwonyesha daktari kama uvimbe umekua au umepungua, na huenda ikakuokoa gharama ya kurudia.

Na baba, usimwachie mama peke yake. Kukubali mtoto atolewe figo ni uamuzi mzito. Njooni wote wawili, mwulize pamoja, msikie majibu kwa sikio moja.

Neno kwa wanaotunza wazee

Mtu mzima pia hupata saratani ya figo, lakini ni ya aina nyingine. Kwake CT ikiona uvimbe mdogo usiozidi sentimita 4, karibu mmoja kati ya watano huwa si saratani, ingawa picha peke yake si rahisi kuujua. Kwa hiyo mzee akiambiwa ana kadoa kwenye figo, asikimbilie kisu wala asikate tamaa. Aulize kama kuna haja ya sindano, au kama kadoa hako kanaweza kuangaliwa kwa muda. Lakini mzee akikojoa damu, hata mara moja na bila maumivu, apelekwe hospitali bila kungoja.

Mpenzi msikilizaji, tukumbuke basi mambo manne. Mkono wako ukimwosha mtoto ndio kipimo cha kwanza. Uvimbe haukandwi. Picha nzuri huwa sahihi mara nyingi, na hadubini ndiyo humaliza neno. Na mtoto aliyeanza dawa lazima azimalize. Leo jioni ukimwosha mtoto, pitisha kiganja chako polepole ubavu huu na ubavu ule. Tukutane tena katika kipindi kijacho. Kwaherini, na Mungu awalindie watoto.